Mkutano wa mtaa umefanyika, OCS (mkuu wa kituo cha polisi) kaja, diwani kaja, na vibaka bado wapo. Tufanyeje?

"Shikamoo mtaalam. Naishi pembezoni mwa Dar, mtaa wetu una uchochoro mrefu unaotokea kituo cha daladala. Tangu mwezi wa tatu watu wanaporwa pale alfajiri, saa kumi na moja kasoro, wale wanaowahi magari. Mimi nimeporwa simu na kipochi, jirani yangu kakatwa panga mkononi. Mwezi uliopita mwenyekiti kaitisha mkutano, akaja mkuu wa kituo, diwani na mkaguzi wa polisi wa kata, watu wakaongea mpaka jua likazama, tukaahidiwa doria. Doria ikaja siku nne ikaisha. Sasa tunaambiwa kila kaya itoe 3,000 kwa mwezi ya ulinzi shirikishi na asiyetoa hapewi barua ya mtaa. Hao vijana wa ulinzi wenyewe juzi wamempiga mtoto wa watu, ana miaka 16, alikuwa anatoka kuangalia mpira, mpaka leo anachechemea. Naomba kujua hii mikutano ina maana gani? Tunaweza kumlazimisha OCS alete doria? Nikikataa kuchangia nina kosa? Na wanaofanya haya tunawajua kabisa, nikiwataja kwenye mkutano nani atanilinda?"

Marahaba dada yangu, pole sana, na jirani mpe pole zake za huo mkono.

Kabla ya mikutano tuanze na huyo mtoto, maana hayo mengine yanaweza kusubiri wiki yeye hawezi. Mtu anachechemea siku kadhaa baada ya kupigwa, anatakiwa hospitali leo. Wazazi wake wapite kituo cha polisi waombe PF3, ile fomu daktari anaijaza kuonyesha majeraha, ila kama hali ni mbaya aende hospitali kwanza fomu ifuate baadae, msikae nyumbani mkingoja karatasi. Miaka 16 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kwahiyo pale kituoni waulizie dawati la jinsia na watoto, na kama wanazungushwa wapige 116, simu ya mtoto, haina malipo. Najua mtaani wataambiwa "tuyamalize wenyewe, hao ni vijana wetu". Wakikubali kuyamaliza kwa soda na elfu ishirini ya dawa, mwezi ujao atapigwa mwingine na huyo anaweza asiamke. Nitarudi kwa hao vijana.

Sasa mkutano. Swali lako limebeba kitu ambacho watu wengi sana wanakiamini, kwamba mkutano wa mtaa ukishaamua basi OCS kaamuliwa. Hapana. Nimekuwa mtendaji wa mtaa, baadae wa kata, nimekaa meza ya mbele kwenye mikutano ya aina hii mingi mpaka mingine nimeisahau, na nakwambia pale mbele wanakaa watu wa mifuko miwili tofauti kabisa. Mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya mtaa, mtendaji na diwani ni upande wa serikali za mitaa. Polisi ni jeshi la nchi nzima, liko Wizara ya Mambo ya Ndani, amri inashuka kutoka kwa IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima, inapita kwa kamanda wa mkoa, inafika kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ndo ikute OCS wenu. Hakuna mahali hapo katikati ambapo kuna diwani. Diwani hamuamuru OCS, mwenyekiti ndo kabisa, na baraza lote la madiwani likikaa likapiga makofi kwamba doria iwepo saa kumi alfajiri, hiyo ni hoja, siyo amri. Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema kazi mojawapo ya serikali za mitaa ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, kwahiyo mna haki kabisa ya kulijadili na kulidai, ila gari, mafuta na askari viko mfuko mwingine.

Ndo maana ile doria ikaja siku nne. Siyo kwamba walidanganya (wengine wanadanganya, sikatai). OCS alitoka pale amechemkiwa, akarudi kituoni akatoa askari wawili watatu kutoka sehemu nyingine, wiki ikaisha, kukatokea jambo upande wa pili wa kata, askari wakaenda huko. Anachogawa kila siku ni upungufu. Kwahiyo swali la kumuuliza siyo "kwanini huleti doria", maana hilo analo jibu tangu amevaa gwanda, swali ni kitu gani kitamfanya uchochoro wenu uwe juu kwenye orodha yake kuliko sehemu nyingine.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana nikiambiwa nichague jambo moja tu la kukuachia ningechagua hili.

Mkutano mmoja niliokuwa naandika muhtasari, mtaa wa aina kama ya kwenu, watu kama 200 hivi chini ya mwembe, kila anayesimama anasema tumeibiwa, tunaibiwa, polisi mmelala. Kelele mpaka watoto wanalia. OCS akanyamaza tu, akasubiri zamu yake, akafungua begi akatoa daftari, alikuwa amenakili kutoka kwenye kitabu cha taarifa cha kituo. Akasoma. Miezi mitatu, mtaa huo, unyang'anyi: matukio mawili. Mawili! Wizi wa kuku mmoja, ugomvi wa mume na mke, basi. Akasema "ndugu wananchi, mimi mtaa wenu kwangu ni mtaa mtulivu". Watu wakataka kumla nyama. Ila nilivyowauliza mmoja mmoja baadae pale kwenye benchi, wewe uliporwa ulikwenda kuripoti? Hapana, simu yenyewe ya elfu themanini, nauli ya kwenda kituoni na kuzungushwa si bora ninunue nyingine. Na wewe? Nilikwenda nikachukua losi ripoti nikarudishe laini. Unaona hiyo? Losi ripoti ni karatasi ya kupotelewa na mali. Kwenye kumbukumbu za nchi yule mama hakuporwa, alipoteza simu, imedondoka mahali. Kumi wakifanya hivyo, kwenye kitabu mtaa wenu una watu kumi wazembe wa kutunza simu na hamna kibaka hata mmoja.

Sasa wewe simu yako, ulichukua nini? Sikulaumu, ila nenda kituoni useme uliporwa, wapi, saa ngapi, wangapi, walikuwa wameshika nini, na uondoke na namba ya RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Haina malipo, ukiombwa hela ya karatasi au ya kalamu hiyo ni rushwa. Na jirani yako ndo kabisa asikae kimya, maana kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeandikisha "waliniibia" na anayeandikisha "walinitishia kwa panga wakanikata wakachukua mali". Ya pili ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo chake ni kuanzia miaka 30 na dhamana hakuna, na jalada kama hilo OCS hawezi kulikalia kirahisi kwasababu OCD anauliza. Maneno unayosema pale kaunta ndo yanaandikwa, kwahiyo kabla hujasaini muombe askari akusomee alichoandika. Asiyejua kusoma aende na mtu.

Nasikia unasema lakini kituoni wenyewe ndo wanatukatisha tamaa. Kweli, nimeshuhudia. Mtu anakaa kwenye benchi masaa mawili, anaambiwa aje kesho, kesho anaambiwa mpelelezi kasafiri. Ndo maana nashauri msiende mmoja mmoja. Tafuta wenzio walioporwa pale uchochoroni, hata sita tu, pangeni siku moja mwende pamoja asubuhi na mjumbe mmoja wa kamati ya mtaa, kila mtu aandikishe lake. RB sita za uchochoro mmoja zikiingia siku moja zina uzito kuliko mkutano wa watu 200. Halafu mkutano unaofuata ndo unakuja na nguvu yake, kwasababu mtasimama mnasema "afande, tarehe fulani RB namba fulani, tarehe fulani RB namba fulani, yote ni kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu, yote kutoka nyumba ya bati jekundu mpaka kwenye karo". Doria siyo lazima iwe usiku kucha, hao vibaka wenu wana ratiba kama ya daladala, na askari wawili kwa lisaa limoja siku za kazi ni kitu OCS anaweza kukipata. Ukimwomba doria ya kudumu atakuahidi halafu ishindikane, ila ukimwomba saa moja anaona anaweza.

Kuhusu mkutano wenyewe, ujue sheria imekupa nini pale. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, siyo wa wenye nyumba, siyo wa chama fulani, mpangaji wa chumba kimoja ana sauti sawa na mwenye gorofa. Mwenyekiti anaendesha, mtendaji wa mtaa ndo katibu na anaandika muhtasari. Mikutano mingi inafia hapo kwenye muhtasari. Watu wanaongea jambo zito, mtendaji anaandika "wananchi walilalamikia suala la ulinzi na mkuu wa kituo aliahidi kulifanyia kazi", nimeandika sentensi hiyo mwenyewe mara nyingi na Mungu anisamehe, maana haimfungi mtu yeyote. Mkutano ujao kabla haujafungwa simama uombe azimio lisomwe kwa sauti, nani atafanya nini mpaka tarehe ngapi, na kwamba ajenda ya kwanza ya mkutano unaofuata itakuwa yatokanayo na hilo. Mwenyekiti anaweza kukuona kiherehere. Acha akuone. Muhtasari ukiwa na jina na tarehe ndo unapanda, mtendaji anaupeleka kata, unajadiliwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na diwani anaweza kulibeba mpaka kwenye baraza. Na mkaguzi wa polisi wa kata, huyo usimdharau, kazi yake hasa ni kukaa na nyie siyo kukaa kituoni. Chukua namba yake, mpigie hata siku ambayo hamna tukio.

Hapo umeuliza kuhusu kuwataja. Usiwataje kwenye mkutano. Nasema hivi nikiwa najua kuna watakaoniona mwoga. Mkutanoni kuna mama zao, kuna washkaji zao, kabla hujafika nyumbani wameshapigiwa simu, na ukimtaja mtu hadharani kwamba ni mwizi bila ushahidi anaweza hata kukugeuzia wewe kesi. Na kuna baya zaidi, jina likitajwa mbele ya watu wenye hasira, wiki ijayo yule kijana anaweza kukutwa na tairi shingoni, halafu ikatoka taarifa kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", na mmoja wa hao wananchi utakuwa wewe. Katiba ibara ya 13 inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitishwa. Mtaani huwa tunaisoma kama sheria ya kuwalinda wezi, mpaka siku ndugu yetu anafananishwa.

Unachokijua kipeleke kwa mtu mmoja, ana kwa ana. Mkaguzi wa kata, au mpelelezi wa kituo, au kama huwaamini hao wa karibu nenda kwa OCD. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inayosema mtoa taarifa alindwe na jina lake lisitolewe. Je inafanya kazi? Kwenye karatasi ndiyo. Kwa hali halisi nitakuwa mkweli, taarifa huwa zinavuja, watu wananiambia kabisa "nilimwambia askari asubuhi jioni mhusika ananiuliza". Kwahiyo toa taarifa inayosimama bila wewe: mahali wanapouzia simu, bodaboda wanayopandia, saa wanayokusanyika, chumba wanacholala. Polisi wakikuta mali pale hawahitaji jina lako. Kama umeona tukio kwa macho na uko tayari kuwa shahidi mahakamani hiyo ni ngazi nyingine, hapo kaa kwanza na msaidizi wa kisheria kabla hujaandika maelezo.

Grupu la WhatsApp la mtaa nalo nisilisahau, najua mnalo. Zuri kwa kuambiana "leo usipite, tuondoke pamoja". Baya kwa kurusha picha za watu "huyu ndo mwizi". Mwanzoni mwa Januari 2015 ile taharuki ya Panya Road ilivyolipuka hapa Dar, watu walifunga maduka wakakimbia, sehemu nyingine ulikuwa uvumi tu unaokimbizwa kwa simu. Panya Road wenyewe walikuwepo kweli na wamerudi kuua watu mwaka 2022, sisemi ni hadithi, nasema simu yako haijui tofauti ya hayo mawili.

Tuje kwenye hela. Elfu tatu kwa mwezi. Kuchangia ulinzi siyo jambo haramu na siyo lazima liwe wizi, mitaa mingi imetulia kwa njia hiyo. Ila kuna maswali manne ambayo ukiyauliza kwa upole tu utajua mko wapi. Je, kiasi kilipitishwa na mkutano mkuu wa wakazi na kiko kwenye muhtasari, au kiliamuliwa na watu sita barazani? Je, unapewa risiti? Je, mapato na matumizi yanasomwa mkutanoni na kubandikwa kwenye ubao pale ofisini? Na manispaa yenu ina sheria ndogo inayohusu ulinzi shirikishi? Hilo la nne ndo linajibu swali lako la kosa. Mtaa peke yake hautungi sheria ndogo, inayotunga ni halmashauri, kwahiyo mtu akikwambia "ni sheria" muombe mtendaji akuonyeshe hicho kipengele. Kama kipo na kinataja mchango, basi kukataa kunaweza kukuletea shida na hapo usibishane na mimi wala mwenyekiti, lipa udai hesabu. Kama hakipo, ni makubaliano ya majirani, yana nguvu ya ujirani, hayana nguvu ya mahakama. Mwenyekiti hana mamlaka ya kukutoza faini wala kubeba godoro lako.

Na barua ya mtaa haihusiani. Barua ya utambulisho ni huduma kwa mkazi, unaihitaji benki, kumdhamini ndugu, mambo ya kitambulisho, na kuinyima kwasababu ya elfu tatu ni kutumia ofisi vibaya. Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi (hawataandika, ndo utaona wanavyolegea), ukikwama panda kwa mtendaji wa kata. Kama kuna dalili hela inaliwa, TAKUKURU ni 113, bure.

Ila mimi binafsi, kama mtaa ni wangu na hesabu zinasomwa, ningelipa. Elfu tatu ni mia kwa siku. Kaya 150 zikilipa ni 450,000 kwa mwezi, vijana wanne hawatajirika hapo lakini wanapata cha kunywea chai na betri za tochi. Kinachonisumbua ni huyo mtoto anayechechemea, kwasababu inaonyesha hao vijana waliingizwa kazini bila kuambiwa kazi ni nini.

Ulinzi wa wananchi hapa kwetu una historia. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wanaibwa, silaha zimezagaa baada ya vita vya Kagera, polisi wako mbali, wazee wakajipanga wenyewe na kwa kweli wizi wa ng'ombe ukapungua. Serikali ikawatambua kisheria mwaka 1989. Lakini ni haohao ambao sehemu nyingine walifika mahali pa kushika, kuhukumu na kupiga wenyewe, na vikongwe wenye macho mekundu, waliodhaniwa wachawi, wakalipia. Ulinzi shirikishi wa sasa ulisukumwa zaidi na mpango wa polisi jamii kuanzia 2006 alipoingia IGP Said Mwema, na wazo lake ni kwamba hao vijana ni macho na masikio yaliyo chini ya polisi, siyo jeshi la mwenyekiti. Na msiwachanganye na mgambo, mgambo kapitia mafunzo ya jeshi la akiba chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, huyu wenu kapitia kijiweni tu.

Sheria inamruhusu hata raia wa kawaida kumkamata mtu anayefanya uhalifu mbele yake, ila mara moja amkabidhi polisi. Amkamate, amkabidhi, mwisho. Hakuna kumfunga ofisini kwa mwenyekiti mpaka asubuhi, hakuna kumuuliza "ulikuwa unatoka wapi" kwa kirungu. Kutembea usiku siyo kosa. Kwahiyo kwenye azimio lenu mwombe haya: majina ya walinzi yapelekwe kwa OCS ayapitie, maana zipo sehemu ambazo kibaka mwenyewe ndo kawekwa mlinzi na anapokea posho, wavae kitu kinachowatambulisha, watembee wawili wawili kwenda juu, wawe na namba ya simu ya zamu ya kituo, na mkaguzi wa kata awape walau semina ya siku moja kuhusu ukamataji. OCS akikataa kuwatambua, msiwalipe. Hapo nipo mkali, kundi lenye virungu ambalo polisi hawalijui ni hatari kuliko hao mnaowakimbia.

Kuna na hili la balozi, hukuliuliza ila naliona linakuja kwasababu kila mkutano lazima mtu aseme "mabalozi warudishiwe nguvu". Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, mfumo ulianzishwa na TANU, na tangu vyama vingi mwaka 1992 yeye siyo sehemu ya serikali ya mtaa. Anaweza kuwa mtu mzuri anayewajua wapangaji wote, mtumieni kama jirani, ila hana mamlaka ya kukusanya mchango wala kukuita shaurini. Kenya walivyoanzisha Nyumba Kumi yao mwaka 2013 walichukua jina kutoka kwetu wakaliweka upande wa chifu, kwahiyo ukisoma ya huko usidhani ni ya huku.

Mwisho kuna mambo ya huo uchochoro wenyewe, na haya yako kwenye mfuko wa serikali ya mtaa kwahiyo hapa ndo mwenyekiti na diwani wabanwe kweli. Taa moja pale katikati. Miti na uzio uliofunga macho ukatwe. Pagale, kama lipo, mwenye nalo aitwe, maana vibaka wa alfajiri lazima wana pa kukaa wakisubiri. Kama kuna kilabu kinachokesha karibu, leseni yake ina masharti ya muda na aliyetoa leseni ni halmashauri. Taa za barabarani zinahitaji bajeti, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na vipaumbele vinapikwa miezi kadhaa kabla, kwahiyo ukiliibua mwezi wa tano utaambiwa mwaka kesho, na hapo hawadanganyi. Wakati mnasubiri, nimeona mtaa mmoja nyumba nne zenye ukuta unaotazama njia zilikubali kuwasha taa za nje kuanzia saa kumi, majirani wakawachangia umeme kidogo. Taa nne za wati tisa tisa kwa masaa mawili, hiyo ni hela ya mandazi. Na watu wakaacha kutoka mmoja mmoja, wanakutana kwa mama mmoja anayepika chapati saa kumi na robo, wakifika saba wanaondoka. Vibaka hawakukamatwa, walihama, na najua walihamia kwa mtu mwingine, silifichi hilo, ndo maana RB bado ni lazima.

Kamera nisingekushauri kwanza. Bei, umeme, nani anatunza picha, na alfajiri mtu kavaa kofia unapata picha nzuri ya kofia.

Sasa lini uache kusoma majibu yangu na uende kwa mtu. Ukiona tukio linaendelea, 112, hata kama unadhani hawatakuja, piga. Ukitishiwa kwasababu ya ulichosema, usikae na hilo peke yako hata usiku mmoja, nenda kwa OCD siyo kituo kidogo, na ueleze kwa maandishi ukibaki na nakala. Kama polisi wamekataa kufungua jalada la jirani mwenye mkono uliokatwa, au wazazi wa huyo mtoto wanasukumwa wakubali kuyamaliza, hapo mnahitaji msaidizi wa kisheria aende na nyie, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata au ya manispaa watakuelekeza aliyesajiliwa. Na kama mwenyekiti haitishi tena mkutano, wakazi mnaweza kumwandikia mtendaji wa kata barua yenye sahihi zenu, barua ikigongwa muhuri wa kupokelewa bakini na nakala.

Jirani aanze Jumatatu, mkono bado una kovu bichi, daktari ataliona vizuri.